Miezi Saba ya Kimya

Miaka kadhaa iliyopita nilimrudishia mwanafunzi wangu wa uzamivu sura ya tatu ya tasnifu yake ikiwa na maoni yangu 183 pembezoni. Idadi hiyo naijua kwa sababu programu ya kuandikia huyahesabu, na kwa sababu siku ile niliitazama nikaridhika. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikipitia kila mstari, nikirekebisha alama za mkato, nikibadilisha viunganishi, nikiuliza "chanzo?" kila mahali palipokosa chanzo. Nilijiona msimamizi mwenye bidii, hasa nilipojilinganisha na aliyenisimamia mimi zamani, ambaye alikuwa akikaa na rasimu zangu nusu mwaka kisha huzirudisha zikiwa na neno moja tu juu ya ukurasa wa kwanza: "Endelea."

Mwanafunzi yule alinishukuru kwa barua-pepe ya mistari miwili. Baada ya hapo sikumsikia kwa miezi saba.

Katika kimya hicho nilimwandikia mara nne, na kila barua ilikuwa kali kuliko iliyoitangulia. Nilidhani amepata kazi, kisha nikadhani ni mvivu, kisha nikadhani ameacha masomo bila kuaga. Kwamba huenda mimi ndiye niliyemnyamazisha, wazo hilo halikunijia hata mara moja. Hatimaye alikuja ofisini, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaiweka kompyuta yake mapajani bila kuifungua. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Kila nikiifungua ile sura naona wekundu mtupu, naifunga. Nilisahihisha kama mia na hamsini hivi. Yaliyobaki sikujua nianzie wapi, nikaona haya kukuletea kazi nusu."

Tuliifungua pamoja. Nilipoyasoma maoni yangu kwa macho ya mtu aliyekaa kando yangu, niliona jambo ambalo sikuliona wakati nayaandika. Kati ya maoni yale 183, ni mawili tu yaliyogusa hoja yenyewe ya sura. Moja kati ya hayo lilikuwa la 97, limebanwa katikati ya sahihisho la tahajia na agizo la kuongeza nafasi baada ya nukta, nalo lilisema: "Je, data hizi zinaweza kulijibu swali hili?" Jibu lilikuwa hapana. Hilo ndilo jambo lililopaswa kusemwa kwanza, peke yake, ana kwa ana, na mtu aliye tayari kusaidia kutafuta njia ya kutokea. Mimi nililitupa kama kokoto ndani ya gunia la kokoto. Nilimwuliza kama alikuwa ameliona. Akajibu kwamba hilo la tisini na saba ndilo lililomkosesha usingizi, kwani alifahamu uzito wake tangu siku ya kwanza, ila hakujua kama na mimi niliufahamu au nimeliandika kwa kupita tu.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kazi hii, nami kwa muda mrefu nilikuwa nikiyachukua kama neno moja. Kusimamia kumetokana na kusimama: msimamizi husimama juu ya kazi ya mwenzake na kuangalia kama inakwenda sawa. Kulea ni tendo jingine. Mlezi husogea karibu, humjua anayemlea, hutambua anachokiogopa na kile anachokiweza bila yeye mwenyewe kujua kwamba anakiweza. Chuo huniandikia barua ya kuniteua kuwa msimamizi, lakini hakuna barua inayonifanya mlezi, na tangu siku ile nimekuwa nikijifunza jinsi ya kuwa wa pili bila kuacha kuwa wa kwanza.

Nilipoanza kusoma kazi za waliolichunguza jambo hili, nilikuta kwamba kimya cha mwanafunzi wangu hakikuwa cha ajabu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders, Ubelgiji, na ukaonyesha kwamba asilimia 32 kati yao ama walikuwa na tatizo la afya ya akili ama walikuwa katika hatari ya kulipata, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kilichonigusa zaidi ya asilimia hiyo ni mambo yaliyoonekana kuandamana nayo: wingi wa kazi, mgongano kati ya masomo na familia, uhuru mdogo wa kuamua, na mtindo wa uongozi wa msimamizi. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine wa wanafunzi 2,279 kutoka nchi 26 ulikuta kwamba asilimia 41 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali, na asilimia 39 sonona ya viwango hivyo. Waliojibu uchunguzi huu wa pili walijitokeza wenyewe kupitia barua-pepe na mitandao ya kijamii, na yamkini walioelemewa ndio waliokuwa na hamu zaidi ya kujibu, kwa hiyo sizichukui takwimu zake kuwa kipimo cha kila idara. Hata hivyo zilinitosha kuacha kuwaza kwamba mwanafunzi anayetoweka ana kasoro yake binafsi.

Zamani nilikuwa mwepesi wa kuwakumbusha wanafunzi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo naiheshimu hadi leo, lakini nilikuwa nikimwelekezea mgonjwa peke yake. Sikuwahi kujiuliza mgonjwa atafanya nini ikiwa tabibu wake humkemea kwa kuugua.

Na madhara ya kuficha hayaishii kwenye afya ya mwanafunzi, maana utafiti wenyewe huumia. Huwa nafikiria kisa cha Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1967, chini ya usimamizi wa Antony Hewish. Alikuwa ameshiriki kuijenga kwa mikono yake darubini ya redio waliyoitumia, na ilipoanza kufanya kazi, ndiye aliyekuwa akizisoma karatasi zilizochorwa na mashine, karibu mita 30 za karatasi kila siku. Katika urefu wote huo aliona alama ndogo isiyofikia hata sentimita moja, ambayo haikufanana na vyanzo vya redio vya angani alivyovijua wala na kelele za redio zitokazo duniani, na ambayo ilirudi tena alipotazama sehemu ileile ya anga. Aliipeleka kwa msimamizi wake. Hewish alidhani mwanzoni kwamba ni mwingiliano uliosababishwa na binadamu, lakini waliendelea kuifuatilia, na mwezi wa Novemba Bell alipata mchoro wenye mipigo iliyopishana kwa sekunde moja na theluthi hivi. Ilikuwa pulsa ya kwanza kugunduliwa, yaani masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutufikishia mawimbi ya redio kama mipigo.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974, ambayo walipewa Hewish na Martin Ryle bila Bell, na suala hilo nitalirudia. Mimi lakini hukwama mapema zaidi, kwenye ile alama ndogo. Mwanafunzi aliyezoea kurudishiwa kazi yake ikiwa imejaa wekundu angeifanya nini alama ya namna hiyo? Nahofia angeiita kasoro ya mashine na kuendelea na safari yake, kwa kuwa ameshajifunza kwamba kitu kisichoelezeka ni aibu ya aliyekileta. Mlezi anayefanya iwe rahisi kwa mwanafunzi kusema "hapa kuna kitu sikielewi" anaulinda pia ukweli wa matokeo ambayo siku moja yatabeba jina lake.

Nilianza kubadilika kwenye usomaji wa rasimu, kwa sababu ndiko nilikokosea waziwazi. Sasa husoma mara ya kwanza bila kugusa chochote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama msomaji wa kawaida. Nikimaliza huandika aya moja juu ya ukurasa wa kwanza: sura hii, kwa nilivyoielewa, inadai jambo gani, ni wapi imenishawishi, na ni jambo gani moja ambalo lisipotengenezwa mengine yote hayatakuwa na maana. Iwapo jambo hilo ni zito, siliandiki, humwita mwanafunzi tukazungumza. Alama za mkato husubiri hadi rasimu ya mwisho, maana hakuna faida ya kupiga lipu ukuta ambao huenda utabomolewa. Vilevile nimejiwekea muda wa wiki mbili wa kurudisha kazi, nikaandika ahadi hiyo na kuwapa wanafunzi wangu, ili ikipita wawe na haki ya kuniuliza bila kujiona wakosefu wa adabu.

Mikutano ilinitaka nibadilike zaidi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikianza na swali "Umefikia wapi?", nami nililiona ni swali la kirafiki. Ukilisikiliza vizuri ni swali la mdai kwa mdaiwa: linadhani kuna mahali ambapo mtu alipaswa kuwa amefika, na mwanafunzi ambaye hajafika ataona heri asije kabisa. Siku hizi huuliza "Umekwama wapi?", kwa sababu ndani ya swali hilo kukwama kumeshakubaliwa, na kilichobaki ni kutaja mahali. Wale walio katika hatua ya kuandika tunaonana nusu saa kila wiki, hata kama hakuna ukurasa mpya, kwa sharti moja kwamba kila mtu aje na kitu ambacho hakijakamilika. Sharti hilo linanihusu na mimi. Nimewasomea wanafunzi wangu aya za makala yangu ambazo zilikataa kukaa sawa, na mara mbili wameniambia kasoro ilipo kabla sijaiona.

Lipo jambo moja kuhusu mikutano ambalo lilinichukua muda kulifahamu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa akinieleza sura yake ya nadharia, nami huku nikitafakari kwa sauti nikasema kwamba labda ingefaa kutazama pia nadharia nyingine, nikaitaja. Kwangu ilikuwa fikra ipitayo, na tulipoagana nilikuwa nimeshaisahau. Baada ya wiki sita alirudi na kurasa ishirini juu ya nadharia ile, amechoka, akiwa ameiacha kazi yake yenyewe ikilala. Nilipomwuliza kwa nini, alishangaa. "Si ulisema, Mwalimu?" Hapo nilitambua kwamba kwa mtu ambaye saini yangu inaweza kumzuia asihitimu, maneno yangu hayana uzito uleule ninaoyapa mimi. Neno "labda" likitoka kwangu huwa amri, na ukimya wangu huwa hukumu. Tangu hapo, kila baada ya mkutano mwanafunzi huandika nusu ukurasa wa tuliyokubaliana na kunitumia siku hiyohiyo. Aghalabu ninachokisoma humo hutofautiana kidogo na nilichodhani nimekisema, na tofauti hiyo tunaisawazisha kwa dakika tano badala ya wiki sita. Nimejizoeza pia kutangaza aina ya neno ninalolitoa: hili ni sharti, hili ni pendekezo, hili ni wazo tu unaloweza kulitupa ukishatoka mlangoni.

Pasiwe na dhana kwamba ninatetea upole usio na ukweli. Nimeshaeleza kwamba data za mwanafunzi yule wa kwanza hazikuweza kulijibu swali lake, lakini sijaeleza kwamba mimi nililihisi jambo hilo tangu alipowasilisha pendekezo la utafiti. Alikuwa na shauku kubwa, nami nikajiambia kwamba yatajitengeneza mbele ya safari. Ule niliouita upole ulikuwa woga wangu wa kuvumilia dakika kumi za uso wa mtu aliyevunjika moyo, na ulimgharimu zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya mazungumzo yetu ya ofisini tulikaa vikao viwili tukiligeuza swali badala ya data: hakuweza kueleza kwa nini mabadiliko aliyoyachunguza yalitokea, lakini aliweza kuonyesha kwa uthabiti yalitokea lini na kwa nani. Swali hilo dogo zaidi lilikuwa na majibu, naye aliyaandika. Iwapo ningemwambia mapema, asingekosa usingizi kwa sababu ya maoni ya tisini na saba. Siku hizi jambo la kumvunja mtu moyo hulisema ndani ya wiki ileile niliyolitambua, nikiwa nimefunga mlango na nimezima simu, na simwachi aondoke kabla hatujakubaliana hatua moja ya kuchukua kesho yake.

Nirudi kwenye Nobel. Bell mwenyewe alisema kwamba hakuchukizwa na uamuzi ule wa tuzo, na katika makala iliyotangaza ugunduzi huo, Februari 1968, jina lake lilikuwa la pili kati ya waandishi watano. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, aliitoa yote kugharamia masomo ya wanafunzi wa uzamivu wa fizikia wanaotoka katika makundi yenye uwakilishi mdogo. Ukarimu wake unanifundisha, lakini hauniondolei wajibu wangu, kwa sababu mlezi hapaswi kutegemea kwamba mwanafunzi atakuwa mkarimu kiasi hicho. Suala la nani ni mwandishi wa makala, na majina yatapangwa vipi, sasa tunalijadili kabla data hazijaanza kukusanywa, tunaandika tulichokubaliana, na kazi ikibadilika tunayarudia maandishi hayo. Kwa wanaotafuta pa kuanzia, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ambayo mwandishi lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, au katika kupata au kuchambua data, awe ameandika au kuhakiki maudhui kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kamati hiyo inasema wazi kwamba kutafuta fedha peke yake, au kukisimamia kikundi peke yake, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Mara ya kwanza niliposoma maneno hayo kwa makini niliirudia orodha ya makala zangu, na nikaona mbili ambazo jina langu lilistahili kuwa sehemu ya shukrani tu.

Kuna pia mambo ambayo hayafundishwi popote, nasi tuliyoyajua kwa bahati husahau kwamba tuliwahi kutoyajua: jinsi ya kumjibu mhakiki anayekosea bila kumkasirisha, jinsi ya kumwandikia mtu usiyemjua ukiomba data zake, jinsi ya kumwambia mtahini wa nje kwamba swali lake liko nje ya mipaka ya tasnifu yako. Yule ambaye wazazi wake walipitia chuo huyapata mezani nyumbani. Mwingine huyapata kwa kujikwaa, na sisi tukimwona amejikwaa tunasema hana uwezo. Ninalo jalada la makala zangu zilizokataliwa, pamoja na barua za wahariri na majibu niliyoyaandika, na kila mwanafunzi mpya huruhusiwa kulisoma lote. Mmoja aliniambia kwamba alilipitia mchana kutwa, na kwamba hakuwahi kufikiri kuwa makala ninayojulikana nayo zaidi ilikataliwa na majarida matatu.

Yapo ambayo siyawezi, nami nayasema mapema. Sina ujuzi wa kumtibu mtu mwenye sonona, kwa hiyo kazi yangu hapo ni kuigundua hali hiyo, kumpeleka kwa mwenye ujuzi, na kumwondolea hofu kwamba tarehe za tasnifu zitamwadhibu kwa kuugua. Sijui pia soko la ajira nje ya chuo. Anayetaka kwenda huko namkutanisha na wahitimu waliotangulia, na nimeacha ile tabia mbaya niliyokuwa nayo ya kuusikitikia uamuzi wake kana kwamba ni msiba. Kila mwanafunzi wangu sasa ana angalau mtu mwingine mmoja wa kumwendea, ikiwemo siku ambayo mwenye kosa ni mimi.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuja na ukurasa mmoja. Sentensi yake ya mwisho ilisema, "Kwa hiyo matokeo haya yanapingana na", kisha karatasi ilikuwa nyeupe. Aliuweka mezani, akauelekeza upande wangu. "Hapa ndipo nilipokwama, Mwalimu," alisema. "Nadhani yanapingana na sura yangu mwenyewe ya kwanza." Niliusoma mara moja bila kushika kalamu. Yalikuwa yanapingana kweli. Akaitoa sura ya kwanza mkobani, akaanza kuisoma kwa sauti kutoka aya ya kwanza, nami nikageuza kiti changu ili nisikilize vizuri.